Ulemavu ukikukuta kazini: ubaki na cheti cha kodi, ustaafu kwa ugonjwa, au uache kazi utoe akiba?

Barua ilikuwa na mistari minne, imeandikwa kwa mkono kwenye karatasi iliyochanwa daftari la mjukuu. Mjomba alinipa niipitie kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa haoni tena vizuri alichokiandika. Mstari wa pili ulisema: "Nimeamua kuacha kazi kwa hiari yangu kuanzia mwisho wa mwezi huu."

"Mjomba, hii usiipeleke kesho," nikamwambia.

"Kwani ina kosa gani, mwanangu? Nimeandika kwa adabu."

Adabu ilikuwemo. Shida ilikuwa maneno matatu: *kwa hiari yangu*. Mjomba alikuwa mtunza ghala, presha ya macho ilikuwa imemla jicho moja na sasa ilikuwa inamalizia la pili, na alikuwa mwanachama wa mfuko wa pensheni wa mwajiri wake kwa miaka 17. Kwa sheria ya kodi ya Kenya ilivyo tangu tarehe 27 Desemba 2024, mtu mwenye miaka 17 ya uanachama anayeacha kazi kwa hiari na kutoa akiba yake hukatwa kodi. Mtu huyo huyo akistaafishwa kwa sababu ya afya hakatwi. Macho ni yale yale na pesa ni zile zile, kinachobadilika ni sababu iliyoandikwa kwenye karatasi ya kuondokea.

Tangu siku hiyo nimeketi na watu kadhaa walio njia panda kama yeye. Wengi huja na swali moja, "Nikiwa mlemavu, pensheni yangu inakatwa kodi au haikatwi?" Swali hilo halina jibu moja, kwa sababu ndani yake kuna misamaha miwili iliyotoka kwenye milango miwili tofauti. Mmoja ni wa mtu mwenye ulemavu anayepata kipato. Mwingine ni wa fedha za pensheni zinapotoka mfukoni kwa sababu fulani. Huhitaji kuchagua mmoja na kuuacha mwingine, lakini kila mmoja una funguo zake, na ukiukosa mlango hakuna atakayekuita urudi.

Nazilinganisha hapa njia tatu: kubaki kazini ukiwa na cheti cha msamaha wa kodi, kustaafu kwa sababu ya ugonjwa, na kuacha kazi kisha kutoa akiba. Namwandikia mfanyakazi wa Kenya aliye kwenye ajira rasmi, aliyepata ulemavu kabla ya umri wa kustaafu, na ambaye mwajiri wake ana mfuko wa pensheni au akiba uliosajiliwa.

Tutazipima kwa nini

Kwanza, kodi kwenye pesa inayoingia mfukoni kila mwezi. Pili, kodi kwenye akiba siku inapotoka. Tatu, ushahidi na makaratasi, maana hapo ndipo wengi hukwama. Nne, pesa itakaa muda gani, kwa kuwa aliyepata ulemavu akiwa na miaka 43 ana miaka mingi mbele ya kulisha na kununua dawa. Tano, nini kitatokea hali ikibadilika: ukapata nafuu, ukaongezeka kuumwa, au ukapata kazi nyingine unayoiweza.

Kipimo cha pili ndicho watu hukiulizia, lakini kwa niliyoyaona, cha tatu na cha nne ndivyo huamua kama familia italala na amani.

Njia ya kwanza: kubaki kazini na cheti cha msamaha

Mtu mwenye ulemavu aliyesajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu (NCPWD), na akapewa cheti na Mamlaka ya Ushuru (KRA), halipi kodi ya mapato kwenye Sh150,000 za kwanza za kipato chake cha mwezi. Kwa mwaka ni Sh1.8 milioni. Kinachozidi hapo ndicho hutozwa.

Uone uzito wake kwa tarakimu. Mtu ambaye kipato chake kinachotozwa kodi, baada ya makato mengine, ni Sh80,000 kwa mwezi, hutozwa asilimia 10 kwenye Sh24,000 za kwanza, asilimia 25 kwenye Sh8,333 zinazofuata, na asilimia 30 kwenye zilizobaki. Jumla ni kama Sh18,783. Ukiondoa nafuu ya kila mfanyakazi ya Sh2,400, anakatwa takriban Sh16,383 kila mwezi. Akiwa na cheti anakatwa sifuri. Kwa mwaka ni karibu Sh196,600 zinazobaki nyumbani, bila mshahara kuongezwa hata ndururu.

Mwenye Sh200,000 bila cheti hukatwa takriban Sh52,383. Akiwa nacho, kodi inaanza kuhesabiwa kwenye zile 50,000 za juu, na anakatwa kama Sh7,383.

Cheti hiki kinagusa kodi ya mapato peke yake. SHIF (mchango wa bima ya afya) ya asilimia 2.75, ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 na mchango wa NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) vinaendelea kuonekana kwenye hati yako ya mshahara. Nimeona watu wakigombana na karani wa mishahara kwa jambo hili, na karani alikuwa sahihi.

Akiba nayo? Ukibaki kazini, wewe unaendelea kuchangia, mwajiri anaendelea kuchangia, na faida ya uwekezaji ndani ya mfuko uliosajiliwa haitozwi kodi. Hapa kuna jambo ambalo washauri wengi wa pensheni hawalisemi. Mfanyakazi wa kawaida huambiwa achangie hadi Sh30,000 kwa mwezi, NSSF ikiwa ndani yake, kwa sababu kiasi hicho huondolewa kwanza kabla ya kodi kuhesabiwa. Kwako wewe mwenye cheti na kipato kisichofika 150,000, nafuu hiyo haikuongezei kitu, maana tayari hulipi kodi. Hata mwenye Sh180,000 akichangia 30,000 nzima ili ashuke hadi 150,000, kodi aliyoikwepa ni Sh1,500 tu. Kwa hiyo ongeza mchango ukiwa unawaza uzee wako, na usiuongeze kwa ajili ya kodi. Kama dawa, mtu wa kukusaidia nyumbani au nauli ya teksi vinakubana leo, mchango wa ziada unaweza kungoja.

Makaratasi ndiyo kipande kigumu. Unaanza kwa kupimwa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, unajaziwa ripoti ya tathmini ya ulemavu, unasajiliwa NCPWD, kisha unaomba msamaha kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni. KRA hutaka pia barua ya mwajiri inayoeleza jinsi ulemavu unavyoathiri utendaji wako kazini, na uwe umenyooka kwenye marejesho yako ya kodi ya miaka iliyopita. Hili la mwisho limewarudisha wengi nyumbani. Mtu hakuwasilisha marejesho miaka mitatu kwa kuwa "mwajiri ananikatia", sasa anatakiwa asafishe hesabu kwanza.

Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Hakirudi nyuma hadi siku uliyoumia. Kila mwezi unaochelewa kuomba ni mwezi unaokatwa. Na kikiisha bila kuombwa upya, karani wa mishahara atarudisha makato na atakuwa hajakosea. Weka kengele kwenye simu miezi kadhaa kabla. Marejesho ya mwaka unaendelea kuyawasilisha kabla ya tarehe 30 Juni kama kila mtu, ukijaza namba ya cheti na tarehe zake.

Hali ikibadilika, njia hii ndiyo nyepesi kuiacha. Ukizidiwa unaweza kuhamia ya pili, akiba yako ikiwa haijaguswa. Katika utumishi wa umma kuna jambo la kuongezea hapa: umri wa kustaafu ni miaka 60, lakini kwa mtumishi mwenye ulemavu ni 65. Miaka mitano ya mshahara na michango si kitu cha kuachia kwa haraka.

Inamfaa nani? Anayeweza kazi, iwe ile ile au nyingine atakayopangiwa. Sheria za Kenya zinamtaka mwajiri amrekebishie mazingira mtu mwenye ulemavu kadiri inavyowezekana, basi liombe hilo kwa maandishi kabla hujafikiria kuondoka. Haimfai mtu ambaye kila asubuhi kazini inamwongezea maumivu, au ambaye daktari amemwambia wazi kwamba kuendelea ni kuumia zaidi. Msamaha wa kodi usikuweke kwenye kiti kinachokumaliza.

Njia ya pili: kustaafu kwa sababu ya ugonjwa

Kabla ya mwisho wa 2024, pensheni ya kila mwezi ilisamehewa kodi kwenye Sh25,000 za kwanza, na fedha za mkupuo zilisamehewa Sh60,000 kwa kila mwaka wa utumishi, kikomo Sh600,000. Ukikutana na makala au ndugu anayekutajia tarakimu hizo kwa habari ya kustaafu, ujue anasoma kitabu cha zamani. Sheria iliyoanza tarehe 27 Desemba 2024 ilisamehe kabisa malipo ya pensheni kutoka mifuko iliyosajiliwa na NSSF katika hali tatu: ukifika umri wa kustaafu uliowekwa na kanuni za mfuko, ukistaafu kabla ya umri huo kwa sababu ya afya mbaya, au ukitoa baada ya miaka 20 tangu uandikishwe kuwa mwanachama.

Hali ya pili ndiyo yako. Inahusu mkupuo na inahusu malipo ya kila mwezi.

Sasa angalia misamaha miwili inavyokaa pamoja, maana hapa ndipo swali la "vinatozwaje kwa pamoja" linapojibiwa. Pensheni iliyosamehewa kwa sheria ya pensheni haili nafasi yako ya Sh150,000. Tuseme umestaafu kwa ugonjwa, unapokea pensheni ya Sh40,000 kwa mwezi, kisha baada ya mwaka ukapata kazi ya kufundisha ya Sh70,000 unayoifanya ukiwa umeketi. Pensheni haina kodi kwa msamaha wake. Mshahara hauna kodi kwa msamaha wa cheti. Zamani mtu mwenye pensheni kubwa alihitaji cheti ili kuifunika. Leo cheti kimebaki huru kwa kipato kingine. Ndiyo maana hushauriwi kukiacha kife baada ya kustaafu, hata kama leo huna mshahara.

Makaratasi ya njia hii ni ya aina nyingine. Hutafuti KRA kwanza, unawatafuta wadhamini wa mfuko. Kanuni za mfuko, kile kijitabu ambacho wengi hawajawahi kukifungua, ndizo zinazosema afya mbaya ni nini, nani athibitishe, na kama mwajiri anapaswa kukubali. Kwa kawaida huhitajika ripoti ya daktari inayosema huwezi kuendelea na kazi. Kadi ya NCPWD peke yake haitoshi, kwani kadi inasema una ulemavu, haisemi umeshindwa kazi. Watu wasioona na wanaotumia kiti cha magurudumu wanafanya kazi kila siku, na wadhamini wanalijua hilo.

Hapo pana mtego mdogo. Barua uliyopeleka KRA ilisema unafanya kazi lakini ulemavu unakupunguza kasi. Barua utakayopeleka kwa wadhamini inasema huwezi tena. Hazipingani kama zimepishana muda na hali imezidi, ila daktari aeleze mabadiliko hayo: jicho lilikuwaje mwaka juzi, likoje leo. Kwa Mjomba, ripoti ya kwanza iliandikwa sentensi mbili na ikarudishwa. Ya pili ilikuwa ukurasa mzima, na ilitaja jambo moja ambalo naamini ndilo lililomaliza mjadala: kwamba hawezi kusoma namba kwenye katoni akiwa hatua mbili kutoka nazo, na kazi yake yote ilikuwa kusoma namba kwenye katoni. Daktari hakulijua hilo mpaka tulipomwambia. Mpe daktari wako maelezo ya kazi yako, asiandike ugonjwa tu.

Pesa itadumu vipi inategemea aina ya mfuko. Mfuko wa akiba hulipa mkupuo. Mfuko wa pensheni kwa kawaida hukuruhusu kuchukua hadi theluthi moja kwa mkupuo, na mbili zilizobaki zikununulie pensheni ya maisha kutoka kampuni ya bima au ziwekwe kwenye mfuko wa kuchota kidogo kidogo. Huu wa kuchota una masharti: usipungue miaka 10, na usichote zaidi ya asilimia 15 ya fedha kwa mwaka. Kwa mtu aliyestaafu na miaka 45, pensheni ya maisha itaonekana ndogo sana kila mwezi kwa sababu kampuni inahesabu miaka mingi ya kukulipa. Usivunjike moyo kwa hesabu ya kwanza. Omba kwa kampuni tatu au nne, ulinganishe.

Jambo jingine la kodi ambalo husahaulika: msamaha unaishia mlangoni. Mkupuo ukishaingia benki kwenye akaunti ya muda maalumu, riba yake hukatwa kodi ya asilimia 15 na benki yenyewe kabla hujaigusa. Fedha zile zile zingekuwa ndani ya mfuko, faida yake isingekatwa. Riba ya hati fungani za serikali za miundombinu nayo haikatwi. Kwa aliyepata mkupuo mkubwa, tofauti hii kwa miaka 15 ni pesa ya kweli.

Hali ikibadilika, kurudi nyuma ni kugumu. Ukishastaafishwa kwa ugonjwa, kiti chako kimekwenda. Unaweza kupata kazi kwingine, lakini utaanza upya uanachama wa mfuko mpya.

Inamfaa aliyefika mwisho wa uwezo wake katika kazi hiyo, na mwenye ushahidi wa kitabibu ulioshiba. Inamfaa zaidi aliye chini ya miaka 20 ya uanachama, kwa sababu yeye hana mlango mwingine wa kutoka bila kodi kabla ya umri wa kustaafu.

Njia ya tatu: kuacha kazi na kutoa akiba

Sitaisema vibaya njia hii, kwa sababu nimeona ikiokoa watu. Mama mwenye mtoto anayedaiwa karo na mwenye nyumba anayebisha hodi hawezi kungoja kikao cha wadhamini.

Kodi ya kila mwezi haipo, kwa kuwa mshahara haupo. Kodi kwenye akiba inategemea miaka. Ukiwa umetimiza miaka 20 tangu uandikishwe kwenye mfuko, unachotoa hakitozwi, na hapo hujalazimika kuthibitisha ugonjwa wowote. Chini ya miaka hiyo, malipo hukatwa kodi kwa ngazi, na kadiri fungu linavyokuwa kubwa ndivyo sehemu kubwa inavyoangukia ngazi za juu. Tena huwezi kutoa yote: sehemu ya michango ya mwajiri hubaki imefungwa hadi umri wa kustaafu. Watu wengi hushtukia hili siku ya malipo. Walipiga hesabu kwa jumla iliyo kwenye taarifa ya mwaka, wakapokea kiasi kidogo kuliko walichokipigia mipango.

Kama una cheti cha msamaha, peleka nakala kwa msimamizi wa mfuko kabla hesabu haijafanywa, na uombe hesabu ya kodi kwa maandishi kabla ya kutia saini. Usingoje kudai kurudishiwa baadaye. Kudai kunawezekana kupitia marejesho yako ya mwaka, ila mwenye njaa hangojei hivyo.

Makaratasi ni machache, na hiyo ndiyo nguvu yake: barua ya kuacha kazi, fomu ya mfuko, kitambulisho, akaunti. Hakuna daktari anayekupima upya, hakuna jopo la kukuuliza maswali kuhusu mwili wako. Najua watu ambao heshima hiyo waliithamini kuliko pesa, na sikuwalaumu.

Muda wa pesa ndio udhaifu wake. Mkupuo unaotoka mkono mmoja huwa na watu wengi wa kuupokea. Kama utaishika njia hii, toa unachohitaji na uombe kiasi kinachobaki kihamishiwe kwenye mfuko wa mtu binafsi uliosajiliwa badala ya kuja benki. Kitaendelea kukua bila kodi.

Inamfaa aliyetimiza miaka 20 ya uanachama. Inamfaa pia mwenye akiba ndogo na dharura kubwa. Mwenye miaka 17, 18, 19 afikirie mara mbili, maana anakaribia mstari.

Malipo mengine yanayochanganywa na haya

Ukiumia kwa ajali ya kazini, kuna fidia ya WIBA, sheria ya mafao ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007, ambayo kwa ulemavu wa kudumu hukokotolewa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Hiyo ni ya mwajiri na bima yake, haitoki kwenye mfuko wako wa pensheni. Ajali iripotiwe kwa mwajiri mapema. Ikipita miezi 12 bila taarifa, haki hiyo hupotea. NSSF nayo ina malipo yake ya ulemavu, yenye daktari na fomu zake, na ni rahisi kuisahau kwa sababu watu hudhani ni ya wazee. Fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali wa msaada, kwa wenye ulemavu mkubwa zimewekwa kwa kaya zisizo na pensheni wala kipato cha kudumu, basi msomaji wa makala hii kwa kawaida hatazipata.

Na likizo ya ugonjwa? Kiwango cha chini cha Sheria ya Ajira ni siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara katika mwaka. Waajiri wengi hutoa zaidi, lakini soma mkataba wako. Uchache wa siku hizi ndio huwasukuma watu kuandika barua kama ya Mjomba.

Kulingana na hali yako

Kama bado unaweza kazi na kipato chako hakizidi Sh150,000, anza na hospitali na NCPWD wiki hii, kabla ya kuzungumza na mtu yeyote kuhusu pensheni. Kila mwezi wa kungoja una bei yake, na bei hiyo unaiona kwenye hati ya mshahara.

Kama kipato chako kinazidi 150,000, njia ya kwanza bado ina faida, hadi Sh45,000 kwa mwezi kwa aliye kwenye ngazi ya asilimia 30. Linganisha kiasi hicho na kile ambacho pensheni ya ugonjwa ingekulipa. Mara nyingi kubaki hata miaka miwili zaidi hukuza akiba kuliko unavyodhani, mradi mwili unaruhusu.

Kama daktari amesema usiendelee na una chini ya miaka 20 kwenye mfuko, omba kanuni za mfuko kwa maandishi, msome pamoja na daktari sehemu ya afya mbaya, kisha barua yako iseme unaomba kustaafu kwa sababu ya afya chini ya kanuni hizo. Neno "hiari" lisionekane. Wadhamini wakikataa, waombe sababu kwa maandishi. Malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu (RBA), na juu yake kuna baraza la rufaa.

Kama una miaka 19 na miezi kadhaa ya uanachama, na unaweza kujikongoja, tafuta tarehe halisi uliyoandikishwa kwenye mfuko. Isiwe tarehe uliyoajiriwa, kwani wengi waliandikishwa baada ya kipindi cha majaribio. Likizo ya mwaka iliyobaki na ya ugonjwa huweza kukuvusha.

Kama una miaka 20 na zaidi ya uanachama, kodi haikulazimishi upande wowote. Amua kwa afya, kwa bima ya matibabu utakayoipoteza, na kwa muda ambao pesa inapaswa kudumu.

Kama wewe ni mtumishi wa umma, uliza kwanza kuhusu umri wa miaka 65 na kuhusu kuhamishiwa kazi nyingine, kabla ya kukubali kupelekwa kwenye jopo la madaktari.

Na kama barua ya kuacha kazi umeshaipeleka lakini mfuko haujalipa, bado hujachelewa kuuliza. Mwandikie msimamizi wa mfuko leo asimamishe malipo, mwandikie mwajiri ukieleza kuwa sababu ya kuondoka ilikuwa afya na uambatanishe ripoti za hospitali za tarehe ya kabla ya barua yako. Mjomba alikuwa na kadi ya kliniki ya macho yenye mihuri ya miaka sita, imekunjwa ndani ya Kurani. Tuliipiga nakala kila ukurasa, mbele na nyuma, na ndiyo iliyokwenda juu kabisa ya faili.